Ndevu za Mwimbaji

Muziki wa rege ulikuwa umejaa maneno ya Kiyahudi miaka mingi kabla hajatokea Myahudi wa kuuimba akasikika dunia nzima. Sayuni, Babeli, uhamisho, Simba wa Yuda, Daudi na kinubi chake: yote hayo tuliyasikia katika sauti za Wajamaika, na wengi wetu tuliyaimba pasipo kujiuliza yametoka nyumba gani. Wimbo wa mito ya Babeli, ambao kundi la The Melodians liliurekodi mwaka 1970 na Boney M wakautawanya ulimwenguni mwaka 1978, kwa sehemu kubwa ni Zaburi ya 137 iliyovishwa gitaa. Watu walioucheza harusini, nami nikiwa mmoja wao, walikuwa wakicheza maombolezo ya mateka.

Marasta waliichukua Biblia wakaisoma kama barua waliyoandikiwa wao. Waliona kwamba mtumwa aliyevushwa bahari kutoka Afrika ni ndugu wa yule mateka aliyeketi Babeli, na kwamba mfalme aliyetawazwa Addis Ababa Novemba 1930, Haile Selassie, ambaye kabla ya hapo aliitwa Ras Tafari, ndiye aliyekuwa akingojewa. Nasaba ya mfalme huyo ilihesabiwa hadi kwa Sulemani na Malkia wa Sheba. Siyo kazi yangu hapa kuipima imani hiyo. Ninachotaka kusema ni kuwa nyumba ya rege ilijengwa kwa mawe yaliyochimbwa Yerusalemu, na mtu akitaka kumhakiki Matisyahu bila kulikumbuka hilo ataishia kumwona kioja tu: mwanamume mweupe mwenye kofia nyeusi na ndevu ndefu, anayerukaruka jukwaani kama mbuzi.

Na kwa kweli ndivyo alivyouzwa mwanzoni. Picha ilitangulia sauti. Kanzu ndefu nyeusi, miwani, ndevu, vishada vya Torati vikining'inia kiunoni, na mdomoni lafudhi ya Kingston. Watu walicheka, kisha wakanunua. Mimi niliipata albamu yake ya jukwaani kwa mpwa wangu, aliyeniletea kama mzaha, na nilipomaliza kuisikiliza mara ya kwanza sikuwa na la kucheka.

Jina alilozaliwa nalo ni Matthew Paul Miller. Alizaliwa Juni 30, 1979, katika mji wa West Chester, Pennsylvania, akakulia White Plains, kaskazini ya jiji la New York, katika familia ya Wayahudi wasioshika sheria kwa ukali. Matisyahu ni lile lile jina Mathayo kwa matamshi ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na ndilo pia jina la kuhani mzee aliyewazaa Wamakabayo. Shuleni alikuwa msumbufu. Akiwa sekondari alipelekwa Israeli kwa masomo ya muda mfupi, na kwa maelezo yake mwenyewe huko ndiko Uyahudi ulikoanza kumgusa moyoni. Aliporudi aliiacha shule, akaanza kuifuata bendi ya Phish mji kwa mji, kama walivyofanya vijana wengi wa Marekani wa wakati ule. Baadaye alipelekwa Oregon, katika shule ya kuwanyoosha vijana kwa maisha ya porini. Huko aliendelea na rege yake na muziki wa kufokafoka.

Aliporejea New York alisoma chuoni, na katika siku hizo akawa anahudhuria sinagogi ya Carlebach huko Manhattan. Hapa pana uzi mmoja ambao wahakiki wengi wanaupita haraka. Rabi Shlomo Carlebach, aliyefariki mwaka 1994, ndiye aliyewafundisha Wayahudi wa nusu ya pili ya karne iliyopita kuimba sala zao kwa gitaa na kwa tuni nyepesi ambazo mtu yeyote anaweza kuzidaka mara moja. Matisyahu hakutokea jangwani. Kabla yake alikwisha kuwako mtu aliyeamini kwamba kijana aliyepotea anaweza kurudishwa nyumbani kwa wimbo, hata kama wimbo wenyewe umeazimwa kwa majirani.

Kutoka hapo alihamia kwa Walubavitch wa Crown Heights, Brooklyn, akasoma katika chuo chao cha dini, akashika sheria zote. Walubavitch ni tawi la Wahasidi, uamsho uliozuka Ulaya Mashariki katika karne ya 18 na kusisitiza furaha, sala ya moyo na wimbo. Kiongozi wao wa mwisho, Rebbe Menachem Mendel Schneerson, alifariki Juni 1994, na baadhi ya wafuasi wake walikuwa wakitumaini, na wengine bado wanatumaini, kwamba yeye ndiye Masihi. Wapo walioushika wimbo wa kwanza wa Matisyahu uliovuma, ule wa mfalme asiye na taji, wakadhani ni kiburi cha kijana. Ukiusikiliza ukijua ulitoka katika mtaa gani, mtaa ambao kiti cha mwalimu wao kilikuwa hakina mrithi, utausikia kama wimbo wa watu wanaongoja.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 2004, nayo ni ya mwanafunzi: ina juhudi nyingi, sauti haijakaa. Ya pili, iliyorekodiwa jukwaani Austin, Texas, mwaka 2005 na kuitwa Live at Stubb's, ndiyo iliyomfungulia mlango, na kwangu mimi hadi leo ndiyo kipimo cha kazi zake zote. Wapigaji ni watatu tu: Aaron Dugan gitaa, Josh Werner besi, Jonah David dramu. Uchache huo ndio siri. Besi inatembea polepole, dramu inaacha mapengo, na ndani ya mapengo hayo mwimbaji anaghani, anafoka, anapiga ngoma kwa mdomo, halafu ghafla anaacha maneno yote na kuingia katika tuni isiyo na neno hata moja, a-ya-ya-yai, kama mtu anayelia na kucheka pamoja.

Tuni hiyo isiyo na maneno ndiyo mchango wake halisi, nami nitakaa hapo kidogo. Wahasidi huiita niguni. Mafundisho yao husema kwamba neno lina mpaka: likishatamkwa limekwisha. Wimbo wenye maneno nao una mpaka, kwa kuwa maneno yakiisha na wimbo umeisha. Lakini tuni tupu haina pa kuishia. Inaweza kuzungushwa usiku kucha mezani, wazee wakigonga meza kwa viganja, na kila mzunguko moyo ukashuka ngazi moja zaidi au kupanda. Rege nayo, hasa ile ya Jamaika iitwayo dabu, ambamo fundi wa studio huyaondoa maneno na kuacha besi na mwangwi, ilikwisha kugundua jambo hilo hilo kwa njia yake. Matisyahu alisimama mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana. Sijui mwimbaji mwingine aliyepaona. Kama angeimba Zaburi kwa mdundo wa rege tu, angekuwa amerudia walichofanya Wajamaika kwa ustadi mkubwa kuliko wake. Alipoiingiza niguni ndani ya dabu alikuwa amefanya lake.

Kwa upande wa maneno sina sifa nyingi za kumpa. Tungo zake za kipindi hicho ni mchanganyiko wa hotuba ya msikitini na kanisani, ukipenda sema ya sinagogini: amka, rudi, mwamini Muumba, kiu yako haitakatwa na vitu vya dunia. Mtu aliyezoea mashairi yetu ya mawaidha atayaona mawazo hayo ni ya kawaida kabisa, na atashangaa kwamba vijana wa vyuo vya Marekani waliyapokea kama habari mpya. Labda kwao yalikuwa mapya. Hakuna taswira nyingi, hakuna fumbo la kumfanya msikilizaji arudi nyuma na kulifungua. Fani inabeba maudhui mgongoni. Pale anapopatia ni pale anapojisema yeye mwenyewe, kijana aliyekuwa akivuta bangi kutafuta juu na sasa anadai amepata juu nyingine. Hapo sauti inakuwa ya shahidi aliyekuwapo, na mahubiri yanakaa kando.

Albamu ya studio iliyofuata, Youth, ya mwaka 2006, iliingia katika nafasi ya nne kwenye orodha ya Billboard ya albamu zinazouzwa Marekani. Hakuna Mhasidi mwenye ndevu aliyewahi kufika huko. Mtayarishaji alikuwa Bill Laswell, fundi mkubwa wa besi na dabu, na ningetegemea mapengo yale yapanuke zaidi. Badala yake nyimbo nyingi zimejazwa hadi pomoni, gitaa juu ya gitaa, na sauti ya mwimbaji imesukumwa mbele kama bidhaa dirishani. Kazi nzuri zimo. Wimbo wake wa Yerusalemu, uliojengwa juu ya kile kiapo cha Zaburi ya 137 cha kutousahau mji ule, una nguvu ambayo haipungui. Msomaji atakumbuka kuwa hiyo ndiyo Zaburi ya The Melodians. Wajamaika waliimba mwanzo wake, machozi kando ya mito, kwa kuwa hapo ndipo walipojiona. Myahudi wa Brooklyn akaenda kwenye kiapo kinachofuata. Zaburi moja, mateka wawili, kila mmoja ameshika kipande kinachomuuma.

Swali la lafudhi halikwepeki. Kijana wa White Plains hazungumzi kama mtu wa Kingston, na anapoimba kama mtu wa Kingston anavaa ulimi wa watu maskini weusi ambao hawakupata nafasi ya nne ya Billboard kwa kuimba vile vile. Wahakiki kadhaa wa Marekani walimkaba kwa hoja hiyo mwaka 2006, nami sioni kuwa walikosea. Wapo waimbaji wa rege wa Jamaika waliofanya kazi miaka 30 na kufa bila nyumba. Lakini hoja hiyo ikipelekwa hadi mwisho inageuka na kumuuma mwenyewe, maana mtu atauliza ni nani aliyemwazima nani kwanza, na tutajikuta tumerudi kwenye Sayuni na Simba wa Yuda. Ninachoweza kusema kwa yakini ni cha masikio tu: pale lafudhi inapokuwa nzito kupita kiasi, wimbo unapwaya, pale anaposahau kuigiza na kuingia katika niguni, lafudhi inatoweka yenyewe, kwa sababu a-ya-yai haina Kingston wala Brooklyn.

Kwa kulinganisha, namkumbuka Mwafrika aliyefanya safari ya upande wa pili. Mwaka 1919, karibu na Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, aliyekuwa shujaa wa vita na mtawala chini ya Waingereza, aliisoma Biblia ya misheni akaamua kushika yale ya Musa yote, akatahiriwa, akaanzisha jumuiya ambayo leo inaitwa Abayudaya. Wajukuu wa wafuasi wake huimba Zaburi kwa Kiluganda, kwa tuni zilizozaliwa kwenye vilima vile vile vyao. Kampuni ya Smithsonian Folkways ilitoa albamu ya nyimbo zao mwaka 2003. Sikilizeni zile, halafu sikilizeni Youth. Wale hawakuazima ulimi wa mtu. Waliazima Mungu wa watu, wakamwimbia kwa ulimi wa nyumbani. Sisemi hivyo ili kumshusha Matisyahu. Nasema kwa kuwa ukizisikiliza kwa kufuatana utaelewa ugumu wa kile alichokuwa akijaribu. Yeye alikuwa na Mungu wa nyumbani na ulimi wa kuazima, jambo lililo gumu zaidi kulisimamisha.

Aidha kulikuwa na masharti. Mlubavitch hafanyi kazi kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, na hivyo usiku ambao wanamuziki wenzake wanavuna zaidi, yeye alikuwa nyumbani na mishumaa. Hagusi mwanamke asiye mkewe au wa damu yake, na kwa sababu hiyo aliiacha desturi ya kujirusha kutoka jukwaani ili watazamaji wamdake. Naona jambo hili dogo lina maana kubwa. Muziki wa aina ile unataka mwimbaji ajitupe. Sheria inamtaka ajizuie. Katika rekodi ya Austin unasikia vyote viwili vikivutana katika koo moja, na mvutano huo ndio unaoifanya iwe hai hadi leo.

Mwaka 2007 alianza kusema hadharani kwamba hajifungi tena kwa Walubavitch peke yao. Alitafuta katika mikondo mingine ya Uhasidi, na albamu yake ya 2009, Light, ilichota katika hadithi ya Rabi Nachman wa Breslov (1772–1810) ya ombaomba saba. Katika hadithi hiyo kila ombaomba ana kilema: mmoja kipofu, mmoja kiziwi, mmoja kigugumizi, na kadhalika, kisha kila mmoja anaeleza kwamba kilema chake siyo kilema, bali ni ukamilifu ambao dunia haina macho ya kuuona. Ombaomba wa saba, asiye na miguu, hadithi yake Rabi Nachman hakuisimulia. Aliiacha wazi. Ni chanzo kizuri mno, na albamu haikukitendea haki. Mdundo umelainishwa kwa ajili ya redio, na mtu asiyeambiwa hawezi kabisa kugundua kuwa kuna ombaomba humo ndani. Hata hivyo albamu hiyo ndiyo iliyozaa One Day, wimbo wa kutamani siku ambayo vita vitakwisha, uliotumiwa katika matangazo ya televisheni ya Marekani ya michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010. Maneno ya wimbo huo ni mepesi kama wimbo wa watoto wa shule. Nitaurudia.

Desemba 2011 akanyoa.

Aliweka picha zake hadharani, kidevu kitupu, uso wa kijana ambao hakuna aliyeujua. Akaeleza kwamba kwa miaka mingi alihitaji sheria nyingi za kumshika asianguke, na sasa anaona ni wakati wa kujiamini. Kilichofuata ni ajabu. Watu waliompenda walilia kama waliofiwa. Wazazi wa Kiyahudi waliokuwa wakiwaambia watoto wao "mtazameni huyu, amefika Billboard na hakunyoa" walijiona wamenyang'anywa mfano. Wengine walisema ndevu zilikuwa za biashara tangu mwanzo, na biashara ilipokwisha zikaondoka. Na mwaka 2012, kama kwamba kejeli ilikuwa bado haijatosha, ikatoka sinema ya kutisha iitwayo The Possession, naye ndani yake anaigiza Mhasidi mtoa pepo, ndevu tele.

Hapa ndipo uhakiki unapogeuka kuwa jambo la imani, na siwezi kujificha nyuma ya fani na maudhui. Mimi nimekulia katika dini ambayo mavazi ya mtu huhesabiwa kabla ya matendo yake, na najua jinsi jumuiya inavyoweza kuning'iniza uzito wake wote katika kipande cha kitambaa. Ndevu za Mhasidi hazikutoka hewani. Mambo ya Walawi, sura ya 19, yanakataza kuharibu pembe za ndevu. Na nywele za Rasta nazo hazikutoka hewani: zinaegemea Hesabu sura ya 6, sheria ya Mnadhiri, ambaye wembe haupiti kichwani mwake siku zote za nadhiri yake. Vitabu viwili vinavyofuatana ndani ya Torati moja. Matisyahu alisimama jukwaani akibeba vyote viwili, ndevu za kitabu kimoja na muziki wa wale wenye nywele za kitabu cha pili.

Lakini hebu tukisome hicho cha pili hadi mwisho. Sheria ya Mnadhiri ina kikomo. Siku za nadhiri zikitimia, mtu yule huenda mlangoni pa hema, hunyoa kichwa, na nywele huwekwa katika moto ulio chini ya sadaka. Kunyoa kwake ni sehemu ya ibada. Sisemi kwamba Matisyahu alikuwa Mnadhiri. Ndevu zake zilikuwa za amri nyingine isiyo na kikomo, na Mlubavitch aliyekasirika alikuwa na haki yake. Nasema tu kwamba Maandiko yenyewe yanajua kuwa kuna wembe wa uasi na wembe wa kutimiza, na kwamba mtazamaji wa picha hawezi kuutofautisha mmoja na mwingine. Bob Marley alipougua saratani, nywele zake zilimtoka kabla hajafa Mei 1981, na miezi michache kabla alikuwa amebatizwa katika Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia. Hakuna anayesikiliza nyimbo zake leo akauliza aliziimba kwa nywele zipi.

Mimi nilirudi kwenye kanda. Hicho ndicho kipimo pekee alicho nacho mhakiki. Je, rekodi ya 2005 imekuwa ya uongo kwa sababu mwaka 2011 mtu amenyoa? Niliisikiliza tena yote, nikitafuta mahali ambapo imani inasikika kama vazi. Sikupaona. Nilichosikia ni kijana wa miaka 25 aliyeamini, na imani ya siku ile ilikuwa ya siku ile. Aliyeoa kwa mapenzi akaja kutengana hakudanganya siku ya harusi.

Kazi za baada ya wembe zina kupanda na kushuka. Spark Seeker ya 2012 ina mng'aro wa disko na haina kina. Niliisikiliza mara mbili ikatosha. Akeda ya 2014 ni jambo tofauti. Jina hilo ni la Isaka kufungwa juu ya madhabahu, na kwa mara ya kwanza tungo zake zina giza la kweli: baba, kisu, mtu ambaye hana uhakika kama sauti aliyoisikia ilikuwa ya nani. Mahubiri yamepungua, mtu ameongezeka. Ni ajabu kwamba alipokuwa na ndevu aliimba majibu, na aliponyoa ndipo alipoanza kuimba Maandiko kwa namna ambayo Maandiko yenyewe yameandikwa, yaani kwa maswali. Katika Undercurrent ya 2017 wapiga ala wanaachiwa tena mapengo, nyimbo zinanyooka hadi dakika nyingi, na niguni inarudi.

Kisha kuna yale ya siasa, ambayo yamemfuata kuliko ndevu. Agosti 2015 tamasha kubwa la rege la Rototom Sunsplash, linalofanyika Benicàssim, Hispania, lilimtaka atoe tamko la kuunga mkono taifa la Palestina. Hakutoa, likafuta onyesho lake. Kelele zikawa nyingi, likaomba radhi na kumrudisha. Alipanda jukwaani Agosti 22, bendera za Palestina zikipepea mbele yake, akaimba wimbo wa Yerusalemu. Mwanzoni mwa 2024, vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023 vikiendelea, maonyesho yake Santa Fe na Tucson yalifutwa.

Nitasema ninavyoona. Matisyahu ni Mmarekani, na kumdai tamko ambalo wanamuziki wengine wa tamasha lile hawakudaiwa ni kumhukumu kwa kuzaliwa. Hilo halifai. Lakini pia yeye mwenyewe amesimama upande wa Israeli waziwazi, na mtu anayeimba Yerusalemu mbele ya watu ambao nao wana babu zao Yerusalemu hawezi kushangaa wakisikia wimbo mwingine kabisa. Zaburi ya 137 ina mwisho ambao The Melodians hawakuuimba, wala yeye hakuuimba, wala makanisani kwetu hausomwi sana: mwisho wa kisasi juu ya watoto wachanga wa adui. Kila aliyeichukua Zaburi hiyo amechagua pa kukatia. Mhakiki wa nyimbo za dini anapaswa kutazama pale palipokatwa pia.

Nilisema nitaurudia One Day. Februari 2018, katika mji wa Haifa, mradi wa uimbaji uitwao Koolulam ulikusanya watu 3,000, Wayahudi na Waarabu, wasiofahamiana, wakafundishwa wimbo huo papo hapo kwa sauti tatu na kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu, kisha wakauimba. Nimeitazama kanda yake mara nyingi. Wimbo ambao katika albamu niliuona mwepesi unabadilika mle, kwa sababu wepesi ule ndio uliowawezesha watu 3,000 kuushika kwa muda mfupi. Kuna mama wa makamo mwenye kilemba kichwani anayechelewa mpigo mmoja kila mara, anamtazama jirani yake, anaudaka, anaendelea. Tangu mwaka ule hadi huu, mambo mengi mabaya yamewapata watu wa pande zote mbili waliosimama katika ukumbi ule, na sijui ni wangapi wangekubali kusimama pamoja tena. Kanda ipo. Katikati yake maneno yanaisha, na kwa mizunguko kadhaa wanabaki na tuni peke yake.